Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini akija na karatasi ya dawa nyingine

Wewe unayeanza kazi ya kutoa dawa, iwe kituo cha afya cha kijijini au duka la dawa mtaani Kampala, kabla hujafunga bahasha muulize mgonjwa: unachoma insulini? Uniti ngapi, saa ngapi? Wengi wakitaja dawa zao huiacha insulini, kwa kuwa kwao dawa ni kidonge.

Insulini hushusha sukari ya damu, na dawa nyingine huweza kuishusha zaidi au kuipandisha. Hapa Uganda, ya kuhofia mapema ni kwinini, dawa ya malaria. Huchochea kongosho kumwaga insulini, juu ya ile ya sindano. Malaria yenyewe pia hushusha sukari, na mgonjwa anatapika, chakula hakishuki. Mjamzito yuko hatarini zaidi. Akiwekewa dripu ya kwinini, sukari ipimwe mara kwa mara, usiku pia, maana aliyezimia kwa sukari kushuka hudhaniwa kuwa malaria imempanda kichwani.

Septrini, dawa ya kuua bakteria, nayo yaweza kuishusha, hasa dozi kubwa kwa mwenye figo dhaifu. Waragi, pombe kali ya hapa, huzuia ini kutoa sukari, basi aliyekunywa jioni bila kula anaweza kuzidiwa usingizini.

Propranololi, dawa ya presha na moyo, ina ubaya wake: huficha dalili za sukari kushuka. Moyo hauendi mbio, mikono haitetemeki. Jasho hubaki. Mwambie mgonjwa akitokwa na jasho la baridi apime; kama hana mashine, asisubiri. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, akoroge vijiko 3 vya chai vya sukari, vilivyojaa, kwenye maji anywe, kisha apime tena baada ya dakika 15. Soda isiyo na sukari haimsaidii. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Prednisoloni, kama ile ya siku 5 ya mwenye pumu, hupandisha. Ikimezwa asubuhi, sukari huwa juu alasiri na jioni. Anayepima alfajiri tu ataona namba nzuri na kudanganyika. Daktari huenda akaongeza uniti. Kosa hutokea baadaye: vidonge vimekwisha, uniti za nyongeza zinaendelea, mtu anaanguka. Usimbadilishie dozi mwenyewe. Andika kwenye bahasha, kwa herufi kubwa, tarehe ya kidonge cha mwisho, na chini yake: "Kabla ya siku hii muulize daktari insulini ipunguzwe vipi." Kisha mwombe akusomee alichoelewa.