Kodi ya miezi sita na rula ya mama mwenye nyumba

Swali lenu la wiki hii, kwamba mshahara wa kiasi gani unamtosha mtu kupanga Sinza, limenigusa pabaya. Najua wengi watawaletea hesabu ya mwezi: kodi hii, umeme huu, nauli hii. Lakini Dar es Salaam nani anapanga kwa mwezi? Unapanga kwa miezi sita au mwaka, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Kwa hiyo mimi najibu hivi: mtu awe na fungu la kiasi gani mkononi siku ya kukabidhiwa ufunguo.

Mwaka 2013 nilikuwa karani wa stoo pale Mwenge, mshahara shilingi 320,000. Nilikaa kwa dada yangu Mbagala, naamka saa kumi alfajiri, nagombania daladala mbili, na jioni nafika watoto wameshalala. Tukacheza upatu kazini, watu kumi, kila mmoja 60,000 kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya nane. Miezi minane nilikula ugali na dagaa nikiwaza chumba tu.

Nilipopokea zile 600,000 nilikwenda jioni ileile kwa dalali, Sinza Makaburini. Akachukua 10,000 ya kunionyesha. "Dada changamka, vyumba vya Sinza havilali." Chumba cha kwanza kilikuwa ukuta mmoja na choo cha nje, harufu yote ndani. Cha pili bei haikushikika. Cha tatu kilikuwa cha uani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Rangi ya kijani bado inanuka, dirisha la nondo linatazama mpapai, mita ya umeme ya LUKU ya peke yake. Kodi 80,000. Miezi sita 480,000, dalali 80,000, jumla 560,000. Nilikuwa nayo, na chenji ya kununua pazia.

Mama alitoa daftari la kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Aliniuliza kama nina mume, kama napika kwa mkaa, kama ninapokea wageni wengi. Akaniambia marehemu mumewe alipata kile kiwanja enzi za mradi. Wasiojua: viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha chini wapate pa kujenga. Mtu kama mimi, yaani. Akaandika jina langu na namba ya simu. Hela nilikuwa nimeiacha kazini kwa kuogopa vibaka, tukakubaliana niilete kesho.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kakaa mkekani anachagua mchele. Hakuinua uso mara moja. "Mwanangu, usinichukie. Jana usiku kaja kijana na ya mwaka mzima. Paa la mbele linavuja na mdogo wako anaingia kidato cha tano." Nikadhani ni maneno tu, akanifungulia daftari. Jina langu lilikuwa limekatwa mistari miwili, imenyooka, kwa rula. Miaka yote hii kinachonirudia ni ile rula. Angelichora tu kwa kalamu nisingeumia vile. Alitafuta rula, akanifuta vizuri.

Elfu kumi ya dalali haikurudi. Lile fungu nalo halikukaa. Mama yangu aliugua Korogwe, ikaenda, na Sinza sikuwahi kuishi hadi leo.

Nilikaa kuandika barua hii nidai sheria: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, anayekataa ashtakiwe. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji, yaani mwenye shida ndiye anayekubali. Lakini nimefika kwenye yale maneno ya mama nimesita. Mjane yule angekopeshwa na nani hela ya mabati? Fungu lake lilikuwa ni sisi. Na mimi leo nina vyumba viwili Goba, pembezoni mwa jiji, nimevijenga tofali kwa tofali kwa miaka sita. Mwaka juzi nilimkubalia mpangaji alipe mwezi mwezi, kwa sababu ya haya haya ninayoyasimulia. Alihama usiku, kaniachia deni la maji na mlango uliong'olewa komeo. Sasa nachukua miezi mitatu. Mwezi mmoja siwezi tena, naomba wapangaji wanielewe.

Basi hesabu yenu ni hii. Binti wa kazini kaonyeshwa wiki iliyopita chumba masta, chenye choo ndani, Sinza kwa 200,000 kwa mwezi. Miezi sita na dalali ni 1,400,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000. Mtu huyo akiweka laki moja kila mwezi, atahangaika miezi 14 ndipo aingie. Akishaingia, itambidi atenge laki mbili kila mwezi kwa ajili ya kodi ijayo, abaki na laki tatu ya kula, nauli na kumtumia mzazi, kabla hajakatwa chochote. Mimi nasema awe na mshahara wa laki nane mkononi baada ya makato, kama hana mtoto na hakuna anayemtegemea kijijini, na mtu wa namna hiyo mimi simjui. Mwenye mtoto mmoja, milioni na kitu. Wa laki tano akipata chumba cha kuchangia choo, cha laki moja, achukue, ila akague maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Binti nimemwambia chumba changu kimoja kitakuwa wazi mwezi wa tisa. Ananiuliza kutoka Goba hadi kazini ni saa ngapi. Sijamjibu bado.