Maswali na majibu: Hekalu la Kirumi si nguzo peke yake

Pantheon ya Athene ilijengwa mwaka gani? (Msomaji, Dodoma)

Athene hakuna Pantheon. Kuna Parthenon, hekalu la Wagiriki la karne ya 5 KK. Pantheon, hekalu la Kirumi, iko Roma, na hii inayoonekana leo ilikamilika zama za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 125 BK. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Tafadhalini, someni jina mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Warumi si waliiga tu Wagiriki? (Mwanafunzi, Kisumu)

Waliiga nguzo, wala hawakuficha. Lakini tazama ramani ya jengo. Hekalu la Kigiriki lina vidato pande zote na nguzo pande zote, kwa hiyo waweza kulikaribia kutoka popote. Hekalu la Kirumi, kama lile la mungu Portunus lililojengwa karne ya 1 KK karibu na mto Tiber mjini Roma, limepandishwa juu ya jukwaa refu la mawe. Ngazi ziko mbele tu. Baraza la nguzo liko mbele tu, na ni pana kwenda ndani, ndipo ukute chumba cha sanamu ya mungu. Pembeni na nyuma nguzo zimezama nusu ukutani. Mpango huu wa jukwaa na ngazi za mbele Warumi waliurithi kwa jirani zao Waetruski, si kwa Wagiriki.

Matokeo yake jengo lina uso, na uso huo unatazama uwanja wenye watu. Madhabahu ilikuwa nje, kafara ilichinjwa nje, na jukwaa la hekalu la Castor mjini Roma lilitumika hata kuhutubia umati. Mrumi alijenga ili kumwelekeza mtu asimame wapi na atazame wapi. Anayesema "waliiga tu" ameangalia vichwa vya nguzo akaacha jengo zima.

Fundi ananiambia nyumba yangu ya vyumba vitatu itapendeza nikiweka nguzo nne nene za Kirumi mbele, na pembetatu ya zege juu yake. Unashaurije? (Msomaji, Kigamboni)

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, mwulize fundi nguzo hizo zitabeba nini. Nyingi ninazoziona zinabeba mkanda mwembamba wa zege usiompa mtu kivuli wala kumkinga na mvua. Pesa ya bati zuri na mfumo mzuri wa maji machafu imeishia kwenye lipu ya nguzo.

Najua nitaambiwa kwamba Maison Carrée, hekalu la Nîmes kule Ufaransa, nalo lina nguzo 20 zilizozama ukutani. Ni kweli. Ila zile ni sehemu ya ukuta wenyewe, na zinafuata mpangilio wa nguzo sita za mbele zinazobeba paa la baraza kwelikweli.

Wazo la kuivisha nyumba ya kuishi uso wa hekalu lilienezwa na Palladio, msanifu wa Italia wa karne ya 16. Aliamini kwamba nyumba za kale zilikuwa hivyo. Hazikuwa. Hata hivyo, Villa Rotonda aliyoibuni karibu na Vicenza miaka ya 1560 ina baraza la nguzo sita kila upande, na kila baraza lina kina cha kutosha watu kukaa na kupunga upepo. Hicho ndicho cha kuiga. Jenga baraza la mita mbili na nusu kwenda ndani, uliwekee nguzo nyembamba zinazobeba paa lake. Na ile pembetatu ya zege: pale inapokutana na paa ndipo maji hujikusanya. Fundi asipokuonyesha kwenye mchoro maji yatatoka kupitia wapi, usimlipe hata malipo ya awali.

Ni kweli mvua haiingii kwenye tundu lililo kileleni mwa kuba la Pantheon? (Msomaji, Mombasa)

Inaingia. Sakafu imeinamishwa kidogo na ina matundu ya kupitishia maji. Hadithi ya hewa ya moto inayorudisha mvua juu acheni kuisambaza.

Zege la Warumi halikuwa na nondo na limedumu karibu miaka 1,900. Kwa nini nasi tusiache nondo? (Fundi, Mbeya)

Kwa sababu utaua watu.

Kuba la Pantheon lina kipenyo cha mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu ni hichohicho. Mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi ukubwa. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, kisha wakapanga kokoto kwa uzito: chini mawe mazito na vipande vya tofali, juu jiwe jepesi la volkano, la jamii ya lile mnalolijua huko kwenu Rungwe. Unene nao unapungua, kutoka karibu mita 6 chini hadi zaidi kidogo ya mita moja penye tundu.

Zege huvumilia sana kukandamizwa na huvumilia kidogo sana kuvutwa. Umbo la kuba hukandamiza sehemu yake kubwa. Sehemu ya chini, inayovutwa, ina nyufa za tangu zamani, na unene wa kuta ndio unaoishika. Slabu yako bapa ya sentimita 15 huvutwa upande wa chini kila siku, na bila nondo itakatika. Kwa Warumi jifunze kuchagua kokoto na kutokuwa na haraka. Zege lililomwagwa asubuhi likaachwa likauke juani bila kumwagiliwa maji ni uzembe, liwe na nondo au lisiwe nazo.

Mbona Wakristo hawakujenga makanisa kwa ramani ya mahekalu? (Msomaji, Bukoba)

Hekalu halikuwa ukumbi wa waumini. Ndani alikaa mungu, watu walikuwa nje. Kanisa lilihitaji kuingiza umati, hivyo wakachukua basilika, ukumbi wa Kirumi wa mahakama na biashara.

Lakini mahekalu yaliyogeuzwa makanisa ndiyo mengi ya yale yaliyosalia. Pantheon iligeuzwa mwaka 609, la Portunus mwaka 872. Mengi mengine yalivunjwa, marumaru yake ikachomwa tanurini kuwa chokaa. Ndiyo maana napinga tabia ya kutia jengo la kale kufuli na kibao cha "usiguse". Jengo lisilo na mtu wa kuziba paa linapovuja limeshaanza kubomoka.

Kwa nini mahakama na benki hupenda sura ya hekalu? (Msomaji, Nairobi)

Benki zina hoja: hazina ya Roma ilihifadhiwa katika hekalu la Saturn. Kwa majengo ya serikali, mtazame Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Miaka ya 1780, akiwa balozi Ufaransa, alichukua Maison Carrée kuwa kielelezo cha jengo la bunge la jimbo la Virginia, Marekani, mjini Richmond. Mtindo ukaenea, na hata Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1935 ina uso huohuo. Nanyi mnayo Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, yenye ngazi, nguzo na simba wa mawe, ambayo mwanzoni iliwahudumia Wazungu peke yao. Ngazi ndefu humwonyesha raia ukubwa wa dola, na humzuia kabisa anayetumia kiti cha magurudumu. Wanaojenga mahakama leo waweke njia ya mteremko kwenye mlango mkuu, tangu kwenye mchoro, si uani karibu na jalala.

Lazima niende Italia kuyaona? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Nenda Leptis Magna, Libya, alikozaliwa Kaisari Septimius Severus, au Sbeitla, Tunisia, penye mahekalu matatu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Hata nguzo za baraza la Pantheon zilichongwa kwa mawe ya Misri, kila moja jiwe zima la karibu mita 12. Nauli ikitosha safari moja tu, nenda Dougga, Tunisia: hekalu la Jupita, Juno na Minerva, la miaka ya 160 BK, bado lina uso wake wa mbele.