Maswali ya Wasomaji: “Yes” Iliyomkasirisha Mgeni

Swali: Salamu, Mwalimu. Ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya kulala wageni mjini Jinja. Juzi mgeni kutoka Uingereza aliniuliza, “Don't you have hot water?” Kwa kuwa mtambo wa kuchemshia maji ulikuwa umeharibika, nilimjibu “Yes.” Alinishukuru, akaenda kuoga, na baada ya muda mfupi akatoka akitetemeka kwa baridi na hasira. Kosa langu ni lipi, ilhali nilisema kweli?

Jibu: Dada yangu, kweli uliisema, ila uliisema kwa Kiswahili ukitumia neno la Kiingereza. Mtu akituuliza “Hamna maji ya moto?” nasi tukamjibu “Ndiyo,” huwa tunaikubali kauli yake, yaani ni kama alivyosema, maji hayapo. Kiingereza hakiangalii swali limeulizwa kwa kukanusha au kwa kukubali. Kinaangalia jambo lenyewe. Likiwapo, jibu ni “Yes”, lisipokuwapo, jibu ni “No.” Ulipaswa kumwambia, “No, we don't. I'm sorry, the heater isn't working.”

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu ni kutoiacha “Yes” wala “No” isimame peke yake. Ifuatishe kitenzi kisaidizi kilichotumika katika swali: aliyeuliza kwa “don't you” ajibiwe “Yes, we do” au “No, we don't,” na aliyeuliza kwa “isn't it” ajibiwe “Yes, it is” au “No, it isn't.” Hata ulimi ukiteleza ukasema “Yes, we don't,” mgeni atashtuka na kuuliza tena kabla hajavua nguo.

Mtego wa namna hiyo hiyo umo katika “Do you mind if I sit here?” Hapo “mind” maana yake ni kuona vibaya, kwa hiyo ukijibu “Yes” kwa ukarimu wako wote, utakuwa umemfukuza mtu kitini. Sema “Not at all” au “No, go ahead.” Nawe ukitaka mgeni asubiri, sema “Would you mind waiting a few minutes?” wala si “mind to wait,” kwa sababu kitenzi kinachofuata “mind” huchukua “-ing.”

Kwa kuwa unakaa mapokezi, niongeze jambo ambalo hukuliuliza. Sisi wa Uganda tunapoinuka na kutoka chumbani husema “I'm coming,” na kila mwenzetu huelewa kwamba tutarudi. Mwingereza atakuona unakwenda huku ukisema unakuja, hivyo mwambie “I'll be right back.” Vivyo hivyo, “You are lost!” kwa rafiki aliyeadimika ni “Umepotea!” yetu iliyovaa suti, mgeni atadhani amekosea njia. “I haven't seen you for ages” itamfikia vizuri zaidi. Nayo “Well done” tunayomsalimia mtu aliye kazini imetoka katika “Gyebale ko” ya Kiganda, wakati Mwingereza huitumia kusifu jambo lililofanywa vizuri. Siyaiti maneno hayo makosa tunapozungumza wenyewe kwa wenyewe, na mimi mwenyewe huyatumia kila ninapokwenda soko la Owino.

Swali: Mimi ni wakala wa forodha mpakani Busia. Nilimwandikia mkubwa wangu, “I have sent the documents yesterday,” akanisahihisha bila kunieleza sababu. Je, “nimetuma” si “I have sent”?

Jibu: Ndivyo ilivyo, lakini neno “yesterday” haliwezi kuambatana nayo. Muda uliokwisha ukitajwa, kama vile “yesterday,” “last week” au “in 2019,” Kiingereza hudai wakati uliopita wa kawaida: “I sent the documents yesterday.” Usipotaja muda, au muda wenyewe ukiwa haujaisha, “I have sent” inafaa: “I have sent them,” “I have sent three letters this week.” Jihadhari pia na “-me-” inayoonyesha hali. “Nimechoka” ni “I am tired,” “amekaa” ni “she is sitting,” na “amevaa koti” ni “he is wearing a coat.” Anayetafsiri kila “-me-” kwa “have” atasema “I have tired,” nami nimeyasikia hayo hata kwa watu wenye shahada.

Swali: Mwanangu wa darasa la tano humwita dada yake “he.” Nifanyeje?

Jibu: Kiswahili humtaja mwanamume na mwanamke kwa “yeye” ile ile moja, hivyo mtoto hajawahi kulazimika kuchagua. Usimkaririshe kanuni. Kila jioni mwambie akusimulie kwa Kiingereza siku ya baba yake, kisha ya dada yake, na akikosea, rudia sentensi yake kwa usahihi naye aendelee na hadithi.