Majitaka hayaugui

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfasiri hapa Jinja, Uganda. Nimepewa muhtasari wa sheria ya jimbo la New York, Marekani, inayowabana wenye mitambo ya majitaka watoe habari kila uchafu unapomwagika mtoni, niuweke katika Kiswahili ili watu wa mazingira wa huku wausome. Nimeandika: "Mahitaji ya kuripoti yanataka majitaka yasiyotibiwa au yaliyotibiwa kwa sehemu yaripotiwe ndani ya masaa mawili." Mwenzangu anasema "masaa" ni kosa. Mimi naona watu wote wanasema masaa. Tuamulie. Nimeambatanisha tafsiri nzima.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hayo masaa yaliyowagombanisha, kwa sababu katika sentensi yako ndiyo yenye dhambi ndogo kuliko zote.

Saa haibadiliki kwa wingi: saa moja, saa mbili, saa nyingi. Vitabu vya sarufi havijui masaa. Kwa miaka mingi niliyakata kwa kalamu nyekundu, wanafunzi wakayarudisha, nikayakata tena. Siku hizi nayatazama yakipita. Nimechoka, nakiri, lakini pia hiyo sheria yako imenionyesha kwamba yana kazi. Sheria yenyewe ilianza kutumika mwaka 2013, na inampa mwenye mtambo muda wa saa mbili tangu agundue mmwagiko kuiarifu mamlaka ya mazingira ya jimbo, na saa nne kuuarifu umma. Sasa andika "taarifa ifike saa mbili", halafu mpe karatasi hiyo msimamizi wa zamu yeyote wa huku kwetu. Bomba limepasuka alasiri. Atakunywa chai, atakwenda nyumbani, atalala, na kesho yake saa mbili asubuhi, mtu mwaminifu kabisa, atapiga simu. "Masaa mawili" yasingempoteza. Ukitaka kuniridhisha mimi na mwenzako kwa pamoja, andika "katika muda wa saa mbili tangu agundue", mkae kwa amani.

"Mahitaji ya kuripoti" hayana hata utetezi huo. Mahitaji ni kitu ulichopungukiwa. Ukienda soko kuu la Jinja na karatasi iliyoandikwa sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, hayo ndiyo mahitaji. Jimbo la New York halijapungukiwa na kinyesi. Limeweka masharti. Andika "masharti ya kutoa taarifa", na ukipenda "ripoti" badala ya "taarifa" sitakugombeza, lilishafanywa raia.

Nilikuwa nifunge barua hapo. Ila nilifungua tafsiri yako nzima, na ukurasa wa pili, pale sheria inapomtaka mwenye mtambo aseme uchafu uliomwagika ni wa kiasi gani na umefikia hatua gani ya kusafishwa, wewe umeandika: "kiasi na hali ya matibabu ya mmwagiko".

Hali ya matibabu ya mmwagiko! Nilisukuma kikombe pembeni. Mmwagiko umelazwa wodi ya ngapi? Nani anaupelekea uji? Na hayo majitaka "yaliyotibiwa kwa sehemu" ni yepi, yale yaliyotoroka hospitali dripu ikiwa haijaisha?

Tibu ni la Kiarabu, limetoka kwenye tibb, na humu mwetu limezaa tiba, tabibu na matibabu. Popote lilipopita, kuna kiumbe anayeumwa. Ng'ombe hutibiwa, jino hutibiwa, hata mwenye mapepo ana anayedai kumtibu. Ama majitaka, hayaumwi. Ni mavi, mkojo, povu la sabuni na mabaki ya jikoni, na yote hayo yana afya njema. Yakiachwa peke yake yatawaumiza wengine.

Najua ulikolitoa. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "treat", kinachobeba mgonjwa, maji ya kunywa, majitaka, mbao za kujengea, na hata kumnunulia rafiki soda. Ni umaskini wao, wameuzoea. Kiswahili hakina sababu ya kukopa umaskini.

Wengi hunijibu kwamba maji hutiwa dawa, na penye dawa pana tiba. Hutiwa dawa, kweli. Na mimi asubuhi hutia viatu vyangu dawa ya viatu, nikasugua meno kwa dawa ya meno, na jioni hupuliza dawa ya mbu. Sijawahi kutibu viatu. Neno dawa lina nyumba kubwa yenye vyumba vingi, hospitali ni chumba kimojawapo tu. Tibu halina nyumba, lina kitanda.

Sikiliza na majirani zetu wa Luganda, tunaoishi nao mlango kwa mlango. Uchafu wa mabomba wanauita kazambi. Mgonjwa ndiye wanayemjjanjaba, kazambi hawaijjanjabi. Maji huyalongoosa, yaani huyatengeneza na kuyaweka sawa. Mjuzi mmoja ataniambia kwamba okulongoosa ndiyo hiyo hiyo ya daktari anapompasua mtu. Sawa, lakini angalia mwelekeo wa safari. Neno la kazi zote limeingia chumba cha upasuaji. Wewe umelitoa la wodini ukalipeleka kwenye bwawa la kinyesi.

Utasema mzee ana hasira za bure, maana msomaji ataelewa. Hataelewa. Nilialikwa wakati fulani kwenye mkutano wa wakazi wanaoishi karibu na kinamasi cha mafunjo, mahali maji ya mtambo yanapoishia. Waandalizi waligawa vipeperushi vya Kiswahili, safi, vya rangi, na ndani mmeandikwa kwamba maji yanayoingia kinamasini "yametibiwa", na mstari wa chini yake kwamba wananchi wasiyachote. Akasimama mzee mmoja mlimaji wa magimbi, kipeperushi mkononi. Akauliza, kwa adabu sana: "Mnasema yametibiwa. Mbona basi mnatukataza kuyanywa? Au hayajapona?" Watu walicheka. Mtaalamu aliyekuwa mbele hakucheka, na hakuwa na jibu, kwa sababu katika lugha aliyopewa jibu halikuwamo.

Jibu lilikuwamo kwenye hesabu. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 kuhusu kumwaga majitaka ziliruhusu maji yanayotoka mtamboni yawe na hadi bakteria 10,000 wa aina ya koliformi, wale wanaohesabiwa kama dalili ya kinyesi, katika kila mililita 100. Chukua kikombe cha mililita hizo hizo 100 cha maji ya kunywa: bakteria wa kinyesi wanaoruhusiwa humo ni 0. Kati ya 10,000 na 0 kuna safari ndefu, na neno lako limeifuta yote. Vyote viwili "vimetibiwa".

Na Kampala safari hiyo imepangwa karibu kwa mstari mmoja. Majitaka ya katikati ya jiji huenda kwenye mtambo wa Bugolobi. Pale wavu hunasa matambara na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, mchanga huzama, bakteria wenyewe huachiwa kula uchafu, tope huondolewa likakaushwa. Maji yanayobaki huingia mfereji wa Nakivubo, hupita kinamasi, humwagikia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na ni katika ghuba hiyo hiyo ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji, ikayatia shabu ili uchafu ushikamane na kuzama, ikayapitisha kwenye mchanga, ikayatia klorini. Yaandike sasa kwa Kiswahili chako: maji yalitibiwa Bugolobi, yakaingia ziwani, yakatibiwa Ggaba, yakafika bombani. Msomaji ana haki ya kuuliza ugonjwa uliyarudiaje njiani.

Wapo watakaosema kutibu si kuponya, mgonjwa hutibiwa na bado akafa. Hilo nalikubali, na nadhani ndilo jambo la kweli pekee ndani ya matumizi haya. Lakini hata kufa kwenyewe majitaka hayafi.

Wala sina ugomvi na kila sitiari ya mwilini. Watu wa Dar es Salaam wana msemo wa kutapisha choo: mvua ikinyesha sana mtu huzibua shimo lake usiku, kinyesi kikaenda na mafuriko kwa jirani. Kitendo ni cha aibu lakini neno ni zuri mno. Unaliona shimo limeshiba, limeinama, linatoa. Aliyelitunga alikuwa amesimama pale pale, pua imezibwa. Aliyetunga "kutibu majitaka" alikuwa ofisini na kamusi.

Basi uandike nini? Maji ya kunywa husafishwa, na hapo hakuna mjadala. Kwa majitaka, "kusafisha" kunafaa kwa mazungumzo ya kawaida, ila kuna hatari ile ile ya mzee wa magimbi: aliyeambiwa yamesafishwa atachukua ndoo. Katika maandishi ya sheria mimi napenda "kuchakata". Mkonge huchakatwa, na anayechakata mkonge hakuahidi mtu kwamba kitakachotoka kitanyweka. Kitu kimeingia kikiwa hivi, kimepitishwa kazini, kimetoka kikiwa vingine. Na chakata hukubali nusu bila kuchekesha: kilichochakatwa nusu kila mkulima anakijua, mtu aliyetibiwa kwa sehemu mpaka umwulize sehemu gani.

Mwenzako atakuonyesha nyaraka za Dodoma na magazeti ya Nairobi yaliyojaa "mitambo ya kutibu majitaka". Anazo, hata mimi ninazo, kabati zima. Huko vita nimeshindwa, neno limeshapigwa mihuri na kuandikwa kwenye mageti. Ila hapa kwetu Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, kikakaa kikingoja mlangoni, na ni mwaka 2022 tu baraza la mawaziri lilipokisukuma tena mbele. Fomu zetu nyingi za mazingira bado hazijaandikwa kwa Kiswahili hata mara moja. Wewe, na kalamu yako hapo Jinja, ni miongoni mwa watu wa kwanza. Hatulazimiki kurithi na magonjwa.

Sentensi yako iwe hivi: "Kwa mujibu wa masharti ya kutoa taarifa, mwenye mtambo akigundua kuwa majitaka ambayo hayajachakatwa, au yaliyochakatwa nusu, yamemwagika, aiarifu mamlaka katika muda wa saa mbili." Unaona pia kwamba nimemtaja mwenye mtambo. Kwako yaliripotiwa tu, na hakuna aliyetajwa kuwa wa kuinua simu. Na ule ukurasa wa pili: "kiasi kilichomwagika na hatua ya uchakataji kilikofikia".

Majitaka liache neno moja kama ulivyoliandika. Hapo hukukosea.