Liwali, mudir, kaimu: mzee wetu aliajiriwa na nani?

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Maskati, ukoo wetu ulitoka pwani ya Malindi. Nyumbani tumekuwa tukiambiwa kuwa baba yake babu alikuwa "liwali wa Seyyid". Tuna barua moja ya Kiarabu ya tarehe 7 Shaaban 1337 inayotaja rupia 120 kwa mwezi. Ndugu yangu aliyeko Mombasa amelikuta jina la mzee katika gazeti rasmi la serikali la zamani, na pale ameandikwa kaimu mudir. Lipi sahihi? Na nitazifuataje kazi zake tangu alipoanza hadi alipostaafu?

JIBU: Wa alaykum salaam. Majina hayo mawili hayagombani. Mtaani, kila aliyekaa barazani akasikiliza kesi na kutia muhuri hati za kuuziana mashamba aliitwa liwali. Serikalini, liwali (mkuu wa mji mkubwa) na mudir (mkuu wa mji mdogo, chini ya liwali) zilikuwa daraja mbili mbalimbali, na aliyekalia kiti cha mwenzake aliye likizoni aliandikwa kaimu. Kwa hiyo usianze na cheo. Anza na hazina: mshahara wake ulitoka mfuko gani? Ukishalijua hilo utajua aliajiriwa na nani, faili lake liko mji gani, na lile neno "wa Seyyid", yaani wa Sultani wa Zanzibar, lina uzito kiasi gani.

Mifuko ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni wa Kenya, ambayo hadi 1920 iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ila kwa mkataba wa 14 Desemba 1895 Seyyid Hamed bin Thuwaini aliukabidhi utawala wake kwa Uingereza kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Mkataba ule uliweka wazi kwamba maofisa watateuliwa na serikali ya Kiingereza yenyewe. Bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, na ndiyo maana wazee walisema "wa Seyyid" kwa moyo mweupe kabisa. Lakini liwali wa Lamu, Malindi au Mombasa baada ya mwaka ule alikuwa mtumishi wa serikali ya himaya, aliyekaa kwenye ardhi ya Sultani. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine: kuanzia 1888 hadi 1895 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilitawala kwa jina la Sultani, na nyuma ya hapo Sultani mwenyewe ndiye aliyeweka na kuondoa.

Mfuko wa pili ni wa Zanzibar yenyewe. Oktoba 1891 Gerald Portal, balozi wa Uingereza, alizichukua fedha za dola mikononi mwa Sultani, akamwekea posho maalumu, na akamfanya Mwingereza Lloyd Mathews waziri wa kwanza. Tangu hapo mudir wa Unguja au Pemba alipata kazi kwa jina la Sultani, lakini barua za kupandishwa, kuhamishwa na kuonywa zilipita kwenye meza za Waingereza. Baada ya 1914, meza hizo zilikuwa za sekretarieti chini ya Rezidenti, mwakilishi mkuu wa Uingereza.

Wa tatu ni Tanganyika, na hapa ndipo watafiti wengi wa nasaba wanapopotea. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani mark milioni 4 kwa pwani ile, na haki yake ikaishia hapo. Wajerumani wakalibakisha neno liwali, Waingereza waliowafuata nao wakalibakisha. Liwali wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa au Tabora wa miaka ya 1920 hakuwa na uhusiano wowote wa kikazi na jumba la Seyyid. Ukimtafuta katika nyaraka za Zanzibar utapoteza miezi.

Mzee wenu, akiwa Malindi na jina lake likiwa katika gazeti rasmi la upande wa Kenya, ni wa mfuko wa kwanza. Sasa tuisome barua.

Tarehe kwanza. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622: 1337 inakupa mwisho mwisho wa 1918. Huo ni mwanzo tu wa mwaka wa Kiislamu. Muharram 1337 iliandama mwanzoni mwa Oktoba 1918, na Shaaban ni mwezi wa nane. Kwa hiyo 7 Shaaban inaangukia tarehe 8 Mei 1919, siku ya Alhamisi. Jedwali lolote la kubadilisha tarehe linaweza kukosea siku moja au mbili, kwa sababu mwezi ulitazamwa kwa macho. Dawa yake ni jina la siku: kama barua imeandika "yaum al-khamis", umefunga hesabu. Kumbuka pia kuwa siku ya Kiislamu huanza magharibi, hivyo barua iliyoandikwa "usiku wa Alhamisi" iliandikwa kwa hesabu ya Kizungu jioni ya Jumatano. Siku moja hiyo inatosha kukufanya useme barua na tangazo la gazeti havihusiani.

Halafu pesa. Rupia 120 si kiasi kimoja kila mahali. Kwa kiwango cha serikali kabla ya 1920, rupia 15 zilikuwa pauni 1, kwa hiyo ni pauni 8 kwa mwezi. Mwaka 1920 Kenya iliipandisha rupia hadi shilingi 2, na mshahara uleule ukawa pauni 12 bila mtu kupandishwa cheo. Kisha ikaja florini, kisha shilingi. Zanzibar iliendelea na rupia hadi 1936 na ikabadilisha kwa shilingi moja na nusu, yaani rupia 120 zikawa pauni 9. Ukiona mzee "ameongezwa" mshahara kati ya 1919 na 1921, hesabu sarafu kabla ya kushangilia.

Sasa maneno yenyewe. Sifa za mwanzo, "ila janab ash-sheikh al-muhibb al-akram" na zinazofuata, ni adabu ya uandishi. Hazitaji daraja, mfanyabiashara na mudir waliandikiwa vilevile. Linalokupa habari ni kitenzi. Ukikuta "wallaynaka" (tumekupa madaraka) au neno la ukoo wake, huo ni uteuzi. Ukikuta hongera na dua peke yake, hiyo ni barua ya heshima, pengine kutoka kwa mkubwa aliyesikia habari, na uteuzi wenyewe uko kwenye karatasi nyingine ya Kiingereza. Mwishoni tafuta "katabahu": jina linalofuata ni la karani aliyeshika kalamu, na wengi wamelibeba jina hilo wakidhani ni la mteuzi. Tazama pia pembe za juu za karatasi. Nambari yenye mkwaju, mfano wa 43/19, ni nambari ya masjala ya ofisi ya Kiingereza, na hiyo ndiyo ufunguo wa faili. Barua isiyo na nambari, yenye muhuri wa pete tu, ni ya mtu kwa mtu.

Ngazi ya kazi kwa upande wa Kenya kwa kawaida ilianzia kwenye ukarani au ukalimani wa mahakama au ofisi ya wilaya, ikapanda hadi mudir wa mji mdogo, kisha liwali msaidizi, kisha liwali wa mji mkubwa, na juu kabisa liwali wa Pwani. Kadhi alikuwa na njia yake, iliyopitia kwenye elimu ya dini. Sheria ya mahakama ya 1907 ilizitambua mahakama za liwali, kadhi na mudir, kila moja na mipaka yake, kwa hiyo daftari za kesi nazo zinataja nani alikaa wapi mwaka gani. Wachache walianzia katikati ya ngazi kwa sababu ya nyumba walizotoka. Salim bin Khalfan Al-Busaidi alikuwa liwali wa Malindi kisha Mombasa. Mwanawe Ali bin Salim akafuata njia hiyo hiyo, akafika kuwa liwali wa Pwani na kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Sir Mbarak Ali Hinawy alishika Mombasa 1937 na Pwani nzima 1941. Hawa wana mafaili manene. Mudir wa mji mdogo ana mistari mitatu hapa na minne pale, nayo lazima uishone mwenyewe.

Kazi ya kuishona inaanzia kwenye gazeti rasmi la serikali, lililotoka tangu 1899. Matoleo mengi yanasomeka bure kwenye Google Books. Kila tangazo lina tarehe mbili: ya kuchapishwa, na ya kuanza kazi iliyomo ndani ya sentensi. Andika ya ndani. Andika pia jina la anayeondoka, maana kaimu hueleweka tu ukijua alikuwa akimshikia nani. Mwenye kiti akirudi likizoni, kaimu hurejea kwenye cheo chake bila tangazo lolote la kumshusha, na hapo ndipo watu hudhani mzee wao alifukuzwa. Ukishapata miaka, fungua Kitabu cha Buluu cha mwaka husika, ile taarifa ya kila mwaka iliyotumwa London, yenye orodha ya watumishi. Safu zake zina cheo, jina, tarehe ya uteuzi, mteuzi na mshahara. Safu ya mteuzi inajibu swali lako la kwanza kwa neno moja: gavana.

Baada ya hapo nenda Nairobi, Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Omba majalada ya mkoa yanayoanza na PC/Coast na ya wilaya, kama DC/LAM na DC/MSA, pamoja na ya Malindi na Kilifi. Humo mna ripoti za mwaka na za kukabidhiana ofisi, ambamo mkuu wa wilaya anayeondoka humwandikia anayekuja tabia za kila mudir. Zisome kwa tahadhari: maneno kama "mvivu" au "mwaminifu sana" mara nyingi yanapima jinsi mtu alivyokusanya kodi, basi. Aliye mbali anaweza kusoma sehemu ya majalada haya kwa filamu ndogo katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, mawasiliano ya Kenya ni CO 533, ya Zanzibar ni FO 107 kisha CO 618; lakini mudir mdogo hufika huko tu kama kulikuwa na malalamiko au pensheni. Chanzo kinachosahauliwa ni madai ya ardhi chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Wenye mashamba ukandani walitakiwa kudai hati zao, na maofisa walikuwa wenye mashamba na tena mashahidi. Mle utapata jina kamili hadi babu wa tatu, jambo ambalo gazeti rasmi halitoi.

Jina ndilo shimo kubwa kuliko yote. Makarani wa Kiingereza walidondosha nisba (jina la ukoo), wakaandika Seif leo na Sef kesho, Mubarak hapa na Mbaruk pale. Tafuta kwa tahajia tatu angalau, na usikubali mtu kuwa mzee wako mpaka vitu vitatu vilingane: jina la baba, mji na mwaka. Mfano ulio wazi ni vita vya Mazrui vya 1895. Alipofariki liwali Salim bin Khamis wa Takaungu, Kampuni ya IBEA ilimpa kiti mwanawe Rashid bin Salim badala ya Mbaruk bin Rashid wa Takaungu. Aliyeongoza vita vilivyofuata, akakimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896, ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Jina moja, baba wa jina moja, ukoo mmoja, mwaka mmoja. Mji tu ndio unaowatenganisha, na ipo miti ya nasaba iliyowafanya mtu mmoja.

Jambo la mwisho la kuangalia: neno "Mwarabu" kwenye fomu lilikuwa daraja la kisheria lenye uzito katika kodi na kura. Watu wa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walipigania kwa miaka kuhesabiwa humo. Fomu ya mzee ikisema Mwarabu, haijathibitisha nasaba ya Oman, na ikisema Mswahili haijaikanusha.

Ipige picha barua yenu pande zote mbili, hata kama mgongoni unaona patupu. Mara nyingi anwani na mhuri wa posta vilikuwa mgongoni, na wino unaweza kuwa umefifia tu. Usiipitishe kwenye plastiki ya moto. Joto huunguza wino na hakuna fundi atakayeirudisha. Kisha mwombe ndugu yako wa Mombasa atazame matangazo ya Aprili hadi Agosti 1919 na atafute nani alikwenda likizo miezi hiyo.