Mbawakawa wala-majani: anzeni na mmea

Nyinyi mnaoanza kusoma wadudu hapa Mombasa, jifunzeni mimea kwanza. Mbawakawa wa jamii ya Chrysomelidae ni zaidi ya spishi 30,000 duniani, na wengi wao huchagua sana chakula: hula mmea mmoja au jamaa zake tu. Ukishautambua mmea, wadudu wa kuwashuku hubaki wachache.

Shamba la viazi vitamu ni pazuri pa kuanzia. Mbawakawa wa kobe, mwenye umbo kama la kobe, hula majani yake, kwa hiyo mchunguzeni pia kwenye jamaa wa kiazi hicho, ule mmea wa maua ya zambarau unaotambaa mchangani ufuoni. Wengine hung'aa kama dhahabu, lakini wakifa rangi hupotea, basi pigeni picha wangali hai. Buu wake hubeba mgongoni magamba aliyoyavua pamoja na kinyesi chake, ajikinge na maadui.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kukaa juu ya jani si kula. Huenda mdudu amepeperushwa na upepo tu. Andikeni "anakula" pale mlipomwona anatafuna. Mkiwa na shaka, mwekeni kwenye kikopo chenye matundu pamoja na jani bichi la mmea huo, kivulini, maana jua letu litamuua upesi. Asubuhi tazameni kama jani limeng'atwa na kama kuna kinyesi.

Kisha tafuteni mabuu. Kwenye kunde, mbawakawa aitwaye Ootheca akishakomaa hula majani, ila buu wake yuko ardhini anatafuna mizizi. Waliokomaa hutoka udongoni mvua zinapoanza, kwa hiyo msingoje masika yakolee ndipo muende shambani.

Tundu kwenye jani nalo lina habari zake. Kwenye maboga, mbawakawa aitwaye Aulacophora hukata mduara kwanza, akazuia utomvu mchungu usifike anapokula, halafu hula kilichomo ndani. Mbawakawa aitwaye Epilachna naye hufanya vivyo hivyo; yeye ni wa jamii ya wale mbawakawa wenye madoadoa wanaokula vidukari, lakini chakula chake ni majani, na mgongo wake una vinyweleo badala ya kung'aa.

Kila rekodi iambatane na kitawi chenye ua au tunda, kilichobanwa kwenye gazeti. Kwa unyevu wa huku pwani, badilisheni gazeti kila siku mpaka kikauke, la sivyo kitaota ukungu.