Maswali ya Wasomaji: Ganda la Risasi Linalong'aa na Ganda Lililo Zima

Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu maganda ya risasi ya shaba na namna ya kuyaandaa kabla ya kuyajaza upya. Tunajibu tukichukulia kwamba kila aliyetuandikia ana kibali cha kumiliki silaha, na kwamba sheria ya nchi yake inamruhusu kujaza risasi mwenyewe, kwa kuwa si kila nchi inayoruhusu jambo hilo.

Ndugu Mhariri, mimi ni mlenga shabaha na nimeanza kujaza risasi miezi michache iliyopita. Maganda ninayookota uwanjani yana masizi na mchanga. Rafiki mmoja ananiambia niyaloweke kwenye siki usiku kucha, mwingine ananishauri nitumie dawa ya kung'arishia vitasa vya milango. Nimfuate yupi?

Usimfuate hata mmoja kati yao, ingawa wote wawili wanakutakia mema. Kwanza ijue shaba uliyo nayo mkononi. Ganda la risasi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu unatanuka risasi inapolipuka, ukaiziba barabara chemba, yaani nafasi ya ndani ya bunduki ambamo risasi hukaa, kisha unanywea kidogo ili ganda liweze kutolewa. Chochote kinachouvuruga mchanganyiko huo kinaliondolea ganda sifa hiyo.

Siki ni tindikali, na ganda likikaa ndani yake muda mrefu zinki hulika na kutoka, ikabaki shaba nyekundu iliyo dhaifu na yenye vinyweleo. Dalili yake ni madoa ya rangi ya waridi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, nilisahau bakuli la maganda kwenye siki tangu jioni hadi asubuhi, nikayakuta yamegeuka rangi kama kucha za bibi harusi. Niliyatupa yote, na hadi leo sioni kwamba nilikosea kuyatupa.

Dawa za kung'arishia vitasa zina hatari nyingine, kwa kuwa nyingi zina amonia, na amonia na shaba ya manjano haziishi nyumba moja. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona risasi zake zikipasuka zenyewe ghalani, bila mtu kuzigusa, hasa msimu wa mvua. Sababu haikueleweka hadi mwaka 1921, ilipobainika kwamba risasi zilikuwa zikihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na kwamba amonia inayotokana na mkojo wao, ikisaidiwa na unyevu wa hewa, ilipenya katika sehemu za shaba zilizokuwa na mkazo uliobaki tangu kiwandani. Ganda lako lina mkazo kama huo kila linapotoka kwenye kalibu, kile chuma ambamo hubanwa ili lirudi umbo lake, na nyufa zinazoletwa na amonia hazionekani zikianza.

Linalotosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na asidi ya sitriki, ile chumvi ya ndimu inayouzwa kama unga mweupe, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji. Yaloweke maganda kwa dakika 10 hadi 15 huku ukiyatikisatikisa, kisha yasuuze mara mbili au tatu kwa maji safi. Asidi hii nayo ni tindikali, ila ni pole, na kwa muda huo mfupi huondoa kutu ya juu bila kuifikia zinki. Ukiongeza kipimo au muda ukitarajia mng'ao zaidi, utarudi kulekule kwenye rangi ya waridi.

Tena usiusumbukie sana mng'ao. Ganda lililofifia rangi lakini halina mchanga wala masizi linafaa kabisa. Tunasafisha kwa sababu mbili: mchanga usiikwaruze kalibu wala chemba ya bunduki, na jicho lipate kuona ufa uliojificha chini ya uchafu.

Mhariri, ipi bora kati ya kusafisha kwa mashine kavu na kwa maji? Na fataki iliyokwisha kulipuka, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, niing'oe kabla au baada?

Swali lako la pili ndilo linaloamua mengi, kwa hiyo nalianza. Ukitumia maji, ng'oa fataki kwanza, kwa maana maji yakinaswa nyuma yake hayakauki kwa urahisi, na kile kishimo cha fataki ndicho chenye masizi magumu kuliko sehemu zote. Ukitumia mashine kavu, unaweza kuziacha fataki mahali pake, kwa sababu chembe za kusafishia hupenda kukwama ndani ya kishimo na kuziba tundu la moto, linalopitisha cheche kutoka kwenye fataki hadi kwenye baruti. Ukiamua kung'oa kabla ya kusafisha, tumia kalibu ya kung'olea fataki peke yake, ile isiyogusa mwili wa ganda. Ganda lenye mchanga likipitishwa kwenye kalibu ya kurudishia umbo litaichora mistari, na mistari hiyo utaikuta kwenye kila ganda litakalofuata.

Mashine kavu ni bakuli linalotikisika, ndani yake mna magunzi ya mahindi yaliyosagwa au vifuu vya jozi vilivyosagwa. Vifuu vya jozi ni vikali na hukwangua uchafu, magunzi ni laini na huacha mng'ao. Saa 2 hadi 4 hutosha. Wengi huongeza kijiko cha dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Si vibaya, ilimradi umesoma kibandiko na kuhakikisha kwamba haina amonia.

Mashine ya maji ni pipa linalozunguka, lenye maji, sabuni, asidi ya sitriki kidogo na vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu. Vijiti hivyo huingia hadi ndani ya kishimo cha fataki, na ganda hutoka kama limetoka kiwandani leo. Gharama yake ni kazi: kuhesabu vijiti visibaki ndani ya shingo, kusuuza, kukausha. Ukiliacha pipa lizunguke saa nyingi, midomo ya maganda hugongana ikafanya ukingo uliovimba, ambao itakubidi uuondoe kwa mkono. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba shingo iliyosafishwa ikabaki shaba tupu huishika risasi kwa nguvu kuliko yenye utando mwembamba wa masizi, na mlenga shabaha wa masafa marefu huona tofauti hiyo kwenye karatasi ya shabaha.

Nikiulizwa ninachotumia, ni mashine kavu kwa siku za kawaida, na maji pale maganda yanapotoka kwenye tope. Kabla ya lolote, yatenganishe kwa ukubwa. Ganda dogo la 9 mm huingia ndani ya ganda la .45 likakaa humo kama limezaliwa humo, na kulitoa kwa koleo huishia kuharibu yote mawili.

Kuhusu kukausha, yatandaze juu ya kitambaa juani, midomo ikiangalia chini. Anayetumia joto asizidi nyuzi 100 za Selsiasi, na asitumie kabisa tanuri linalopikiwa chakula. Shaba hii huanza kupoteza ugumu wake inapokaribia nyuzi 250, na kitako kilicholainika ni kitako kisichoweza kuzuia nguvu ya mlipuko.

Mheshimiwa Mhariri, mimi si mlengaji, ni mke wa mlengaji. Mashine ya mume wangu hunguruma kwenye stoo iliyo karibu na chumba cha watoto, na kila anapomimina zile chembe kwenye chujio hutoka vumbi jeusi. Anasema ni masizi tu. Je, ni kweli?

Si kweli, mama, na ninakuomba umsomee jibu hili leo. Lugha yetu ina jina moja tu, risasi, kwa kile kinachotoka kwenye mtutu na kwa ile metali nzito yenye sumu, na hapa jina hilo linatuonya. Fataki nyingi hutengenezwa kwa kemikali yenye risasi ndani yake. Inapolipuka, risasi hiyo hubaki kama unga ndani ya ganda, na mashine kavu huukusanya kutoka katika mamia ya maganda na kuuchanganya na vumbi la magunzi. Vumbi hilo jeusi unaloliona likipanda kutoka kwenye chujio linavutwa na pua, linatua sakafuni, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto unaokua ndio unaoumia zaidi.

Mashine ihamishwe nje ya nyumba, mahali penye hewa. Mfuniko usifunguliwe mashine ikiwa inatikisika. Vipande kadhaa vya kitambaa au karatasi yenye unyevu kidogo vikiwekwa humo pamoja na chembe hunasa vumbi jingi, navyo hutupwa baada ya kila mzunguko. Anayechuja avae barakoa inayozuia vumbi laini na glavu, kisha abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kuvuta sigara. Sakafu ipigwe deki, isifagiwe kwa ufagio mkavu, maana ufagio hulirusha vumbi upya.

Kwa wanaotumia maji, vumbi halipo lakini sumu ipo: maji yale ya kijivu yasimwagwe kwenye sinki la jikoni wala kwenye bustani ya mboga, na sufuria, kijiko au chujio kilichotumika kisirudi tena jikoni. Ikiwa hali hiyo imeendelea kwa muda mrefu, wapelekeni watoto wakapimwe damu. Kipimo chenyewe ni chepesi.

Ndugu Mhariri, nitajuaje kwamba ganda limefikia mwisho wake? Yangu yamejazwa mara tano au sita na bado yanapendeza.

Idadi ya kujaza pekee haitoshi kuamua. Ganda la bastola lenye mgandamizo mdogo linaweza kuishi mara nyingi sana, ilhali la bunduki ya nguvu kubwa, katika chemba iliyolegea kidogo, linaweza kuisha kabla ya hapo.

Anza na shingo. Izungushe chini ya mwanga ukitafuta mstari mweusi mwembamba kama unywele unaoshuka kutoka mdomoni. Huo ni ufa, na ganda hilo limekwisha. Shingo hupasuka kwa sababu kila inapotanuka na kubanwa shaba inazidi kuwa ngumu. Mafundi hurudisha ulaini kwa kuipasha moto shingo na bega kwa sekunde chache tu, wakichunga joto lisishuke hadi kitakoni. Anayesikia habari za kupika ganda zima kwenye moto azizibie masikio.

Halafu tazama sehemu iliyo juu kidogo ya kitako, hasa kwa maganda ya bunduki. Ukiona duara linalong'aa kuliko shaba iliyolizunguka, ukuta hapo unanyooka na kukonda, na siku moja kitako kitatoka peke yake huku mwili wa ganda ukibaki ndani ya chemba na gesi ya moto ikirudi upande wa mlengaji. Duara hilo hudanganya wakati mwingine, kwa kuwa hata kalibu huacha alama ya namna hiyo, kwa hiyo chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, ukipinde ncha yake kidogo kama kiwiko, uiingize hadi chini, kisha uipandishe taratibu huku ukiikandamiza ukutani. Ukuta mzima ni laini mwanzo hadi mwisho. Uliokonda una mfereji, na ncha itatumbukia humo kwa mkwaruzo mdogo ambao kidole huuhisi kabla jicho halijauona. Likate ganda moja la aina hiyo kwa msumeno katikati, urefu kwa urefu, ujionee mwenyewe. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa tena.

Fataki mpya ikiingia bila kupingwa, kishimo kimetanuka na ganda halifai. Urefu nao hupimwa kwa kalipa baada ya kurudisha umbo, kwa sababu shaba hutiririka kuelekea mdomoni. Ganda la .308 Winchester, kwa mfano, halitakiwi kuzidi mm 51.18. Likizidi likatwe, kwani mdomo mrefu hubanwa na chemba ukaikaba risasi, na mgandamizo hupanda ghafla. Mwisho futa mafuta yote uliyotumia kwenye kalibu, maana ganda lenye mafuta haliishiki chemba, na kitasa cha bunduki, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, hupokea mzigo wote.

Yale yaliyofeli yapondwe kwa koleo papo hapo. Ukiyaweka pembeni yakiwa mazima, yatarudi kwenye ndoo.

Mhariri, sindano yangu ya kung'olea fataki imevunjika mara mbili kwenye maganda ya aina moja. Nakosea wapi?

Chungulia ndani ya ganda hilo kwa tochi. Ukiona matundu mawili madogo badala ya tundu moja la katikati, hilo ni ganda la mtindo wa Berdan, ambalo fuawe yake, yaani kinundu ambacho fataki hugongwa juu yake ili ilipuke, imo ndani ya shaba yenyewe, na sindano yako ilikuwa ikigonga fuawe hiyo. Lenye tundu moja ni la mtindo wa Boxer. Hiram Berdan alikuwa Mmarekani na Edward Boxer alikuwa Mwingereza, lakini mambo yamepindana: Marekani hutumia zaidi mtindo wa Boxer, na Ulaya imeutumia sana wa Berdan. Fataki ya Berdan hung'olewa kwa nje, kwa kifaa chake maalumu, na kupata fataki mpya za ukubwa huo ni kazi. Kwa hiyo yatenge uuze kama shaba chakavu, na kabla hujanunua sindano ya tatu pitisha sumaku kwenye ndoo nzima, kwani maganda mengi ya Berdan ni ya chuma yaliyopakwa rangi au shaba kwa juu, na sumaku itakutolea hayo kwa dakika moja.